Gotukola, ajuga au mnanaa: mmea upi wa kufunika udongo kivulini Nairobi

Chini ya mparachichi, nyuma ya ghorofa la jirani, au kwenye ule ukanda mwembamba kati ya nyumba na ua wa kayaba, nyasi ya kikuyu haidumu. Hurefuka ikitafuta mwanga, hukonda, kisha panabaki vumbi Februari na tope Aprili. Wanaotaka kufunika sehemu kama hizo kwa mmea ambao pia umewahi kuwa dawa huishia kuchagua kati ya mitatu: gotukola, ajuga na mnanaa. Yote hutambaa, na yote huuzwa barabarani kwa maneno yale yale: "Huyu anapenda kivuli, na ni dawa." Muuzaji hasemi uongo, ila ameacha mambo mawili yanayoamua kila kitu: maji utakayoyapata kiangazi, na usafi wa udongo wenyewe.

Kwa mwenye haraka, uamuzi wetu ni huu. Penye unyevu mwaka mzima na pasipopita mbwa, panda gotukola. Chini ya mti, ambako maji ni ya kubahatisha na shida yako ni udongo ulio wazi, panda ajuga, na usiinywe. Mnanaa utie ndani ya ndoo hata kama una ekari nzima.

Kivuli cha Nairobi huhama

Wengi hupanda kwa kuangalia kivuli cha siku waliyonunua miche. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ukuta wa kawaida hauna upande wa kaskazini wala wa kusini unaobaki kivulini mwaka mzima. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri hupita kaskazini yetu. Miezi iliyobaki hupita kusini. Mwezi Juni, jua linapokuwa juu kabisa, yaani kama saa sita na nusu mchana, ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha mita 1.4 hivi upande wa kusini, na ghorofa la mita 15 hufikisha karibu mita 7. Ikifika Januari kivuli hicho kimehamia kaskazini, na kitalu kilichokuwa baridi kinapigwa na jua kali wakati mvua hakuna na mgao wa maji umebana. Gotukola iliyopandwa kusini mwa ukuta mwezi Aprili hupendeza hadi Septemba, kisha huungua, na mwenye nyumba hubaki akimlaumu aliyemuuzia.

Kaskazini mwa ukuta kuna nafuu. Jua hufika huko Juni, Julai na Agosti, miezi ya baridi na mawingu, na mimea hii hulivumilia. Bora zaidi ni upande wa mashariki wa nyumba: jua la asubuhi hadi saa nne au saa tano, halafu kivuli, Januari hadi Desemba. Magharibi ni kinyume chake, na jua la saa tisa alasiri halina huruma na majani laini.

Kupima ni rahisi. Saa saba mchana weka karatasi nyeupe chini, shikilia mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli cha mkono kikiwa na ukingo mkali, hapo pana jua. Kikiwa hafifu lakini vidole vinahesabika, ni nusu kivuli, na mimea yote mitatu itaishi. Usipoona kivuli chochote, ni giza la kudumu. Mnanaa hautafanya kitu hapo, gotukola itasinyaa, ajuga itajikongoja.

Miti nayo ina tabia zake. Mjakaranda hupukutisha majani kabla ya kuchanua, kwa hiyo Septemba jua hupenya kwa wiki kadhaa. Mgrevilea, au mukima kama wengi wanavyouita, hudondosha majani mwaka mzima na mizizi yake imejaa juu juu. Chini ya mkaratusi usijisumbue: unanyonya maji yote, na majani yake yanayooza hudumaza kinachojaribu kuota.

Gotukola: mtamu kwa mwenye maji

Gotukola, ambayo jina lake la kisayansi ni Centella asiatica, ni wa ukoo wa karoti na giligilani. Huota yenyewe katika sehemu zenye majimaji nchini Kenya, na wengi wameikanyaga kando ya mito bila kuitambua. Mashina yake membamba yenye wekundu hutambaa juu ya udongo, na kila kifundo kinachogusa unyevu hutoa mizizi na kishada kipya cha majani.

Kabla ya kulipa, tazama jani. Gotukola halisi ina jani la duara lenye mwanya pale kikonyo kinapoungana nalo, na ukingo wenye meno mafupi, butu, kuzunguka pande zote. Ukikuta ukingo laini usio na meno, hiyo ni dikondra. Inafunika udongo vizuri, lakini haina historia hiyo ya dawa. Ukikuta kikonyo kimeshika katikati ya jani kwa chini, kama mpini wa mwavuli, umepewa haidrokotile. Wauzaji wengi huchanganya mitatu hii bila nia mbaya, maana ikiwa michanga kwenye mfuko inafanana sana. Ponda jani moja: gotukola hutoa harufu hafifu ya majani ya karoti.

Hakuna haja ya kununua miche mingi. Mfuko mmoja uliojaa hugawanyika vipande 8 hadi 10, kila kimoja kikiwa na kifundo, mizizi na majani mawili matatu. Panda kwa nafasi ya sentimita 20 kila upande, yaani vipande 25 kwa mita ya mraba. Kifundo kiguse udongo na kitovu cha majani kibaki juu, ukikizika kitaoza. Ukianza wiki za kwanza za mvua ndefu, udongo hufunikika baada ya miezi 3 hadi 4. Ukipanda Januari utanyunyizia kila siku, na bado utapoteza vipande vingi.

Udhaifu wake mkubwa ni mizizi kukaa karibu na uso wa udongo. Katika udongo mwekundu wa Karen, Lavington na upande wa Kiambu, ambao hupitisha maji haraka, utahitaji kama lita 10 kwa mita ya mraba kila siku ya pili wakati wa kiangazi. Udongo mweusi wa Embakasi, Syokimau na Athi River hushika maji, jambo linaloipendeza gotukola, lakini ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono na mashina yanabaki yakining'inia hewani. Usijaribu kuutibu udongo huo kwa kuchanganya mchanga kidogo. Mara nyingi huishia kuwa mgumu zaidi. Tandaza juu yake sentimita 5 za mboji iliyoiva na upande ndani ya tabaka hilo, kisha ongeza sentimita 2 kila baada ya miezi 6.

Mmea wenyewe hukuambia kinachousumbua. Majani yakiwa madogo na vikonyo vikawa vifupi na vyekundu, jua limezidi. Vikonyo vikirefuka, majani yakawa makubwa na mepesi, na udongo ukaanza kuonekana katikati, giza limezidi. Majani kuwa manjano huku udongo ukiwa umelowa ni dalili ya njaa ya naitrojeni, na gotukola inayovunwa mara kwa mara huipata upesi. Matundu ya ovyo yenye utelezi kando yake ni kazi ya konokono. Waokote usiku kwa tochi, hasa wiki mbili za mwanzo wa mvua, kwa sababu chambo cha sumu hakifai kwenye kitu utakachokula.

Adui mkubwa ni magugu. Kwa kuwa gotukola hukaa chini sana, sangari na ndago hupita katikati yake wala hazizuiliki, na ukizing'oa unang'oa na gotukola. Kazi hiyo ifanywe kabla ya kupanda. Chimba kwa uma hadi sentimita 25, okota kila kipande cha mzizi wa sangari na kila kiazi cha ndago, mwagilia, ngoja wiki 3, kisha ng'oa vilivyochipua. Rudia mara ya pili ndipo upande. Anayeruka hatua hii hupalilia kwa vidole miaka miwili.

Sasa dawa. Hapa gotukola imewatangulia wenzake kwa mbali. Nchini Sri Lanka majani yake mabichi hukatwa nyembamba na kuchanganywa na nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, au hupikwa kwenye uji wa wali na tui. Nchini India iko katika tiba ya Ayurveda tangu kale. Nchini Madagaska ilitumiwa kwa majeraha na ukoma, na kutoka kwenye mmea wa huko ndiko ilikopatikana asiatikosidi, kiambato ambacho hadi leo hutiwa kwenye krimu za makovu. Shirika la Afya Duniani, katika tathmini yake ya mitishamba ya 1999, liliweka majeraha, michomo na vidonda vya ngozi kati ya matumizi yenye ushahidi wa kitabibu. Ile sifa ya kuongeza akili na kumbukumbu ndiyo inayouza mifuko ya majani makavu, ila ushahidi wake ni dhaifu.

Jambo moja husahaulika katika sifa hizo. Majaribio ya ngozi yalifanywa kwa dondoo safi zilizopimwa, si kwa majani yaliyotwangwa kwenye kinu cha nyumbani. Jani lililokaa juu ya udongo wenye samadi, ukilibandika kwenye kidonda kilicho wazi, linaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Kidonda huoshwa kwa maji safi na sabuni. Kikiwa kirefu au kichafu, hospitali.

Kwa kunywa, kiasi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: karibu nusu gramu ya majani makavu, kijiko kidogo kisichojaa, kwa kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika 10. Vikombe visizidi vitatu kwa siku, na ukifika wiki 6 mfululizo, pumzika. Mwaka 2005 madaktari waliripoti wanawake watatu waliopata homa ya ini baada ya kutumia bidhaa za gotukola, waliacha, wakapona. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa ini, na anayemeza dawa za usingizi au za kisukari asiitumie bila kuongea na daktari. Mwenye mzio wa karoti au selari ajihadhari pia.

Kuhusu kula mbichi, kinachotisha zaidi kiko kwenye maji. Usile gotukola iliyochumwa kando ya mto Nairobi au mtaro wowote wa mjini: mmea huu hufyonza metali nzito kutoka kwenye udongo, na kuosha hakuziondoi. Iliyochumwa kwenye malisho yenye majimaji wanakolishwa ng'ombe inaweza kubeba vifuko vya minyoo ya ini, ambavyo siki na chumvi havivimalizi kwa uhakika. Kula mbichi ile tu uliyoipanda mwenyewe, kwenye kitalu kilichonyunyiziwa maji ya mfereji au ya mvua. Maji ya kufulia yaende kwingine. Vuna kwa mkasi: kata jani pamoja na kikonyo, acha mashina yanayotambaa. Mavuno ya kwanza yawe baada ya miezi 3, kisha kila wiki 5 au 6.

Kukausha Januari na Februari ni siku 4 hadi 6 kwenye wavu uliotundikwa kivulini. Juni na Julai, hewa ikiwa nzito na jua halionekani, majani huota ukungu kabla hayajakauka. Miezi hiyo tumia mabichi tu.

Ajuga: mimea miwili, jina moja

Ajuga inayouzwa kwenye vitalu vya Ngong Road na Kiambu Road ni Ajuga reptans ya Ulaya. Ina majani ya kijani kibichi au ya zambarau iliyokolea yanayokaa kwa mafungu chini kabisa, na hutoa vikonyo vya maua ya buluu vya sentimita 15 hivi. Hutambaa kwa mashina juu ya udongo na hufunga kabisa. Hii ndiyo ya kufunikia udongo.

Nyingine ni ya kwetu: Ajuga integrifolia, ambayo maandishi mengi bado huiita Ajuga remota. Huota kwenye nyasi za nyanda za juu, ina vinyweleo, husimama badala ya kutambaa, na uchungu wake haufichiki. Wakikuyu huiita wanjiru wa rurii, na waganga wa mitishamba nchini huitumia kwa homa, malaria, tumbo na jino. Mwaka 1976 wanakemia waliouchunguza mmea huu kutoka Kenya walieleza muundo wa ajugarini, viambato vichungu vinavyowafanya viwavijeshi waukwepe wakati wanamaliza majani mengine yote. Maabara zimeonyesha pia kwamba dondoo zake hupunguza nguvu za vimelea vya malaria. Si porojo, basi. Lakini kati ya dondoo la maabara na sufuria ya jikoni kuna pengo la kipimo ambalo mtu wa nyumbani hana njia ya kuliziba. Nairobi penyewe malaria ni chache. Homa inayomshika mtu siku kadhaa baada ya kurudi kutoka Kisumu, Busia au Pwani ipimwe damu siku hiyo hiyo, na tiba ya kwanza nchini ni ile ya artemetha na lumefantrini. Kunywa kitu kichungu kwanza "kuona kama itapoa" huiba saa ambazo mtoto hana.

Kosa la kawaida ni kununua ajuga ya zambarau kwa sababu mtu alisikia sifa za ile ya mwituni. Ya Ulaya ilitumiwa huko kwa majeraha karne nyingi, lakini haina kipimo kinachokubalika leo, na hatuoni sababu ya mtu kuinywa. Wala usiende Karura kuchimbua ya kienyeji. Kutoa mimea kwenye msitu wa serikali bila kibali ni kosa kisheria.

Kama kifuniko cha udongo, ajuga ndiyo hodari. Nafasi ni sentimita 25, vipande 16 kwa mita ya mraba, na muda wa kufunga ni miezi 6 hadi 9. Wiki 8 za mwanzo inataka lita 10 kwa mita mara mbili kwa wiki; ikishashika, mara moja kwa wiki kiangazi inatosha. Rangi ya zambarau hufifia kuwa kijani penye giza zito, kwa hiyo anayeitaka rangi hiyo aipe ajuga jua la asubuhi.

Kinachoiua ni kuoza kitovu. Aprili au Novemba, mvua ikinyesha mfululizo na udongo hautoi maji, fungu zima hulegea ghafla huku majani bado mabichi. Ukilivuta linakatika, na pale chini utaona nyuzi nyeupe na vitone vya kahawia vyenye ukubwa wa mbegu ya haradali. Huo ni ukuvu wa udongoni, na vitone hivyo huishi miaka. Toa mimea iliyougua pamoja na udongo wa sentimita 15 kuizunguka, tia kwenye mfuko, usiitupe kwenye mboji. Kinga ni tatu: usirundike matandazo juu ya kitovu, nyunyizia asubuhi badala ya jioni, na kila baada ya miaka miwili ng'oa theluthi moja ya mafungu ili hewa ipite. Kwenye udongo mweusi inua kitalu sentimita 15, la sivyo chagua mmea mwingine.

Kuna pia suala la majani yanayodondoka. Vijani vya mjakaranda ni vidogo, vinapita katikati ya mafungu na kuoza. Majani ya mparachichi na ya mukima ni mapana au magumu. Yakikaa wiki mbili juu ya ajuga yaliyo chini huwa manjano. Reki ya meno mepesi, mara moja kwa wiki. Anayejua hatafanya hivyo asipande chini ya mparachichi.

Mnanaa: dawa nzuri, jirani mbaya

Huu hauhitaji utambulisho. Mashada yake yamejaa soko la City Park kule Parklands, na shada moja ndilo mbegu yako: chagua vijiti 6 vya sentimita 12, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji dirishani, badilisha maji kila siku ya pili. Mizizi hutokea ndani ya siku 7 hadi 10.

Unavumilia kivuli lakini haukipendi sana. Saa 3 hadi 4 za jua huleta harufu, na penye giza hurefuka, hulala na kunuka majani tu. Mashina yake ya chini ya udongo hupenya kwenye nyasi, kwenye sukuma wiki, hata chini ya matofali ya kabro. Ndiyo maana tunasema ndoo. Chukua ndoo ya lita 20, toboa matundu 6 chini, weka kipande cha wavu wa kivuli juu ya matundu, jaza udongo na samadi iliyooza mbili kwa moja, izike huku sentimita 5 za mdomo zikibaki juu. Kila wiki mbili kata vinavyojaribu kuvuka. Kila mwaka ing'oe, gawanya, rudisha robo yake tu. Katikati huwa mti mtupu usipofanya hivyo. Vumbi la rangi ya machungwa chini ya majani ni kutu: kata mmea wote hadi sentimita 3, toa mabaki, na usinyunyizie majani.

Kwa kikombe tumia majani 8 hadi 10 mabichi, maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika 5 hadi 10. Kifuniko kina maana: kinacholegeza tumbo lenye gesi ni mafuta yanayopaa, na ukiacha wazi unanukiza jikoni badala ya kunywa. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara anaweza kuona kimezidi. Mafuta makali ya minti yasipakwe usoni wala puani mwa mtoto mchanga, kwani yanaweza kumbana pumzi.

Hesabu za maji na udongo

| | Gotukola | Ajuga ya Ulaya | Mnanaa |
|---|---|---|---|
| Vipande kwa mita ya mraba | 25 | 16 | ndani ya ndoo |
| Muda wa kufunika | miezi 3–4 | miezi 6–9 | haufai kufunikia |
| Maji kiangazi | lita 10 kwa mita, kila siku ya pili | lita 10 kwa mita, kwa wiki | lita 2 kwa ndoo, kila siku |
| Kukanyagwa | kidogo | mara chache | hapana |
| Kula au kunywa | kwa kiasi | hapana | ndiyo |

Zidisha kwa eneo lako kabla hujaamua. Mita 10 za mraba za gotukola hunywa lita 100 kila siku ya pili, kama lita 1,500 kwa mwezi wa kiangazi. Ajuga kwenye eneo hilo hilo, lita 430 hivi. Kwa nyumba yenye tangi la lita 1,000 na mfereji unaotoka mara mbili kwa wiki, hesabu hiyo inatosha kumaliza mjadala. Mwenye maji kidogo na hamu ya gotukola apande mita moja ya mraba karibu na jikoni, ajuga kwingine kote.

Samadi iliyooza ni madebe 2 ya lita 20 kwa mita ya mraba, ambayo ni tabaka la sentimita 4, ichanganywe na sentimita 15 za juu. Iliyo mbichi, bado inanuka na ina joto, huunguza mizizi na huleta magugu. Kwa mimea ya kuliwa, samadi ikae miezi 4 angalau kabla ya mavuno ya kwanza. Chini ya mti kanuni hubadilika: usichimbe kukata mizizi mikubwa, usiongeze zaidi ya sentimita 5 za udongo juu yake, na acha sentimita 30 wazi kuzunguka shina. Chimba vijishimo vya ngumi moja kati ya mizizi, panda humo, na usijali mistari kupinda.

Nyumba yenye mbwa ni kesi ya peke yake. Minyoo ya mbwa hutaga mayai yanayoishi kwenye udongo miezi mingi, na majani ya gotukola yanagusa udongo. Hapo gotukola ya kula ipandwe kwenye beseni lililoinuliwa, lenye kina cha sentimita 20 na matundu ya maji. Ardhini weka ajuga. Mkaaji wa ghorofa Pipeline au Kilimani mwenye baraza ya mashariki anaweza kufanya vivyo hivyo, beseni moja la gotukola na ndoo moja ya mnanaa, akikumbuka kwamba vyombo hukauka haraka kuliko ardhi.

Utapewa pia mbadala. Mondo, mmea mfupi wa majani membamba kama nyasi, hukua polepole lakini haifi kirahisi, na haihitaji kukatwa. Tradeskantia yenye mistari ya zambarau hufunika haraka kuliko yote, ila utomvu wake huwasha ngozi na kuwasumbua mbwa. Vinka, ile yenye maua ya buluu na majani yanayong'aa, hustawi kivulini Nairobi na ikishashika haiombi maji mengi, lakini ina alkaloidi zenye sumu na huenea mbali usipoikata ukingo. Ukishauriwa kuichemsha kwa sababu "ni ndugu ya ile dawa ya saratani", kataa: dawa hiyo ilitoka kwenye mmea mwingine, wa Madagaska, upendao jua, na nao pia si wa kuchemshwa nyumbani.